Karatasi ya Alama 110 kwenye Mtaa wa Eka Tatu

Kabla hujaulizwa habari za umeme wa jua, mabomba yasiyovuja au miti ya kandokando ya njia, vipimo vya LEED vya mitaa ya makaazi, yaani vya kupima kama mtaa ni wa kijani, usioumiza mazingira, vinataka kujua umejenga wapi. Ni bondeni panapotuama maji? Ni shamba lenye rutuba? Ni karibu na watu waliokwisha kukaa, au umelivuka pori ukaenda kujitenga peke yako? Hayo si maswali ya kujikusanyia alama. Ni masharti. Ukianguka hapo, hata uezeke mtaa mzima kwa paneli za sola, cheti hupati. Sisi tulianguka hapo, jioni ya kwanza, kabla chai haijapoa.

Sisi ni kamati ya mtaa, Wilaya ya Magharibi B, Unguja. Mimi ndiye katibu, kwa sababu nina mwandiko unaosomeka na siku ya uchaguzi sikuwepo.

Karatasi ya vipimo hivyo aliileta mtoto wa kaka yangu, ambaye anasomea usanifu wa majengo. Kila masika alikuwa akija kutusaidia kutoa maji ndani kwa ndoo, na kila masika akitusikia tukiilaumu serikali, mvua, na wenyewe kwa wenyewe. “Shangazi,” akaniambia, “kabla mvua nyengine hazijaanza hebu tuupime huu mtaa kama wanavyopima wenzetu. Angalau tujue tunachokosa ni kipi.” Akaitandaza juu ya mkeka barazani kwangu, akaibana pembe kwa vikombe.

Vipimo hivyo vilitungwa Marekani na Baraza la Majengo ya Kijani la huko, kwa kushirikiana na chama cha wapangaji miji wanaopigania mitaa ya kutembea kwa miguu na shirika moja la kutetea mazingira. Vilianza kwa majaribio mwaka 2007, vikawa rasmi 2009. Waingereza nao wana vyao, BREEAM Communities. Jumla ya alama ni 110: ukifika 40 unapewa cheti, 50 cha fedha, 60 cha dhahabu, 80 cha platinamu. Kilichonishangaza ni mgawanyo. Nilidhani mtaa wa kijani ni mambo ya taa na mabomba. Kumbe fungu kubwa kuliko yote, alama 41 katika toleo la nne, ni la namna mtaa ulivyopangwa: njia zake, maduka yake, nyumba zilivyokaribiana, na kama mtu wa kipato kidogo naye anaweza kukaa humo. Njia za kutembea kwa raha peke yake zina alama 9. Kupunguza joto la mapaa na lami ni alama moja tu.

Mtaa wetu ni eka tatu, na nasema hivyo kwa hesabu hasa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa mali ya serikali na familia zikagaiwa eka tatu tatu za kulima. Aliyepewa hii ya kwetu alipanda muhogo na migomba, minazi aliikuta. Alipofariki watoto wakagawana, wajukuu wakagawana tena, na sisi tuliochoka na kodi za vyumba mjini tukaja kununua kipande kwa kipande, kila mtu na mrithi wake. Mpima ardhi hakuwepo. Mpaka ulikuwa mnazi, au jiwe, au neno la mtu mzima. Njia ni kile kilichobaki baada ya kila mmoja kumaliza kujenga. Na si sisi peke yetu. Ukanda wote huu mashamba yamekwenda hivyo hivyo. Sensa ya 2012 ilitukuta Wazanzibari 1,303,569, ya 2022 ikatukuta 1,889,773, na karibu nusu yetu tumo Mkoa wa Mjini Magharibi. Watu hao wote lazima walale mahali.

Sasa turudi kwenye lile swali la mwanzo. Mtu wa Unguja hana haja ya kufundishwa kwamba magharibi ndiko kwenye kinongo, udongo wenye kina, na mabonde ya mpunga, na kwamba ukielekea mashariki na kusini unaingia maweni, jembe linagonga jiwe. Kwa busara tungelima kinongo na kujenga maweni. Tumefanya kinyume, kwa sababu kinongo ndicho kilicho karibu na mji, na kazi, hospitali na skuli zimo mjini. Mtoto wa kaka yangu alitaka kututetea. Akasema sharti la ardhi ya kilimo lina nafuu kwa sehemu ambazo tayari zimezungukwa na nyumba pande zote, akaweka alama ya kuuliza badala ya kosa.

La mafuriko lilikuwa gumu zaidi, maana hata pale wanapokuruhusu kujenga penye maji wanataka jengo lenyewe liwe limejiandaa kwa maji. Na hatukujua hata hilo bonde linaanzia wapi. Ramani ya serikali tuliyoipata ilikuwa na mistari ya miinuko iliyo mbalimbali mno kwa eka tatu. Ndipo mmoja wetu akasema tumwite Bi Mkubwa wa nyumba ya mwisho, ambaye aliletwa hapa bibi harusi wakati pote ni muhogo.

Alikuja na mkongojo wake, akakataa kiti. Karatasi hakuitazama. Akanyoosha mkono: “Hapo kwa yule kijana wa bati jekundu tulikuwa tukipanda mpunga. Nyuma ya msikiti palikuwa na mfereji, watoto wakivua kambare. Maji hufuata mkondo, mwanangu. Nyinyi ndio mliohamia mkondoni.”

Hakuna aliyemjibu. Kesho yake asubuhi tukatembea naye taratibu, na kila aliposimama na kupiga mkongojo chini, vijana waliweka jiwe lililopakwa chokaa. Tulipoyaunganisha mawe kwa macho, mstari ulipita chini ya nyumba sita na karo tatu za vyoo, ukaukata uchochoro wa msikiti, ukaishia kwenye kiwanja kimoja ambacho bado hakijajengwa. Mimi nimeishi hapa miaka mingi, nimeona maji yakiingia kwa jirani na kuniruka mimi, nikadhani ni bahati yangu. Si bahati. Nyumba yangu iko juu ya tuta la zamani la viazi, kiasi cha futi moja na nusu juu ya mstari wa mawe. Katika wanunuzi wote wa eka hii, hakuna hata mmoja aliyewahi kwenda kumuuliza yule mama kabla ya kutoa pesa, na kumuuliza kulikuwa bure.

Baada ya kipigo hicho mtoto wa kaka yangu akatutuliza kwa sehemu tuliyofanya vizuri. Sharti la kujenga kwa kukaribiana linataka angalau nyumba 7 kwa eka. Kwa eka tatu ni 21. Sisi tuko 34. Duka liko, msikiti uko, chuo cha watoto cha Kurani kiko, fundi cherehani yuko, mama wa chapati na mbaazi yuko, na vijana wa maskani wapo usiku na mchana, jambo ambalo karatasi haina alama yake lakini mwizi analijua. Kuna na nyumba za kila kipato: ya ghorofa ya mtu wa forodha imeegemeana na ya vyumba viwili ya mvuvi. Wenzetu huko wanaweka sheria ili matajiri na masikini wakae mtaa mmoja. Sisi ufukara wa ardhi umetukalisha pamoja.

Kisha tukafika kwenye kituo cha gari.

Vipimo vinataka kituo cha basi kiwe ndani ya mita 400, na zihesabiwe kwa njia anayopita mtu, si kwa mstari ulionyooka kwenye ramani. Tulipima kwa kamba. Ukinyoosha, kutoka mlangoni kwangu hadi barabarani hazifiki mita 300. Kwa mguu zinapita 700. Kinachozileta hizo mia nne na zaidi ni ukuta mmoja.

Zamani palikuwa na njia chini ya mwembe, kila mtu akipita. Kijana mmoja aliye Muscat akanunua, akazungusha ukuta mpaka mwisho wa haki yake, na haki yake kweli ilifika pale. Njia ikafa. Watoto wanaokwenda skuli wanazunguka kwenye barabara ya magari, na wajawazito wanazunguka, na maji nayo, kwa kuwa ukuta umekaa juu ya mkondo, yanazunguka yakaingia kwa watu.

Wanaume wa kamati walikuwa wamekwisha kwenda mara moja na sauti za juu. Safari hii tulikwenda wanawake watatu na sahani ya visheti. Mama yake kijana ndiye anayekaa humo. Akatukaribisha, akatusikiliza, akasema alichokisema kwa wanaume: “Mwanangu kanunua mpaka kwenye mnazi ule, na karatasi ninayo.” Tukamwambia hatubishani na karatasi. Tukamuuliza yeye siku akiumwa anafikaje barabarani.

“Nazunguka kama nyinyi.”

Geti lake lilikuwa upande ule ule wa kwetu. Alikuwa amefungiwa na ukuta wa mwanawe sawa na sisi, ila hakuna aliyemwonyesha. Hapo mazungumzo yakageuka. Alitoa masharti yake, na yalikuwa ya maana kuliko mengi ya Wamarekani: vespa zisipite, taa iwepo, ukuta tuuvunje na kuujenga upya sisi wenyewe, ndani kidogo, uachie njia ya watu wawili kupishana, na ardhi ibaki ya mwanawe, sisi tuwe na haki ya kupita tu. Maalim wa chuo akampigia simu kijana. Haikuwa siku ile wala wiki ile, lakini alikubali, na maneno yakaandikwa mbele ya sheha na mashahidi. Vijana wakasimamisha nguzo mbili za saruji kila upande ili vespa isipenye. Fundi akaacha matundu chini ya ukuta mpya kwa ajili ya maji.

Kwa hesabu ya karatasi, upenyo ule mmoja ulituzalishia makutano mawili mapya ya njia na kuzirudisha nyumba zaidi ya nusu ndani ya mita 400. Fedha iliyotumika ni ya saruji, matofali na taa moja. Kama ningekuwa na uwezo wa kumwambia kila mwenye kamati Unguja jambo moja tu, ningemwambia aanze na kuta, aache miche ya miti kwanza. Miche inapendeza kwenye picha, lakini mtoto akiwa anatembea mita 700 kwenye joto, mche wa mwarobaini wa mwaka huu haumfai kitu.

Mnamo wakati huo binamu yangu anayeishi Uingereza alinunua fleti kwenye mojawapo ya miji mipya inayojengwa kisiwani, akanialika nikaione. Sitautaja, sikuja kuharibu biashara ya mtu. Getini nilisimamishwa, nikaandikwa daftarini: jina, naenda kwa nani, saa ngapi. Ndani, neno “kijani” lilikuwa kila bango. Na nitasema haki: walikuwa na vitu ambavyo sisi tunaviota. Maji machafu yanakwenda kwenye mtambo na yakisafishwa yanamwagilia bustani. Taka zinatengwa. Mifereji ya mvua imefunikwa na ina mteremko wa kweli. Kivuli cha kutosha.

Lakini nilikuwa nimekwisha isoma karatasi. Sharti mojawapo la lazima la LEED kwa mitaa ni kwamba njia ziwe wazi kwa umma. Sehemu zilizofungwa kwa geti hazihesabiwi, isipokuwa penye mambo kama skuli, hospitali au kambi ya jeshi. Nikamwambia binamu yangu kwamba mji wake ungeweza kuanguka kwa lile geti tu. Akacheka sana. “Dada, geti ndilo nililolipia.”

Nikamuuliza duka la karibu. Lipo, la bei ya wageni. Skuli? Watoto wanachukuliwa kwa gari. Msikiti? Kwa gari. Mfanyakazi wa ndani anakaa wapi? Akanitajia mtaa ambao ni jirani na wetu, na kila siku anapanda daladala mbili.

Kuna jambo jingine ambalo mnunuzi afaa alijue. Vipimo hivi vina cheti cha aina mbili: cha mtaa uliokwisha kujengwa, na cha mpango, ambacho mradi unaweza kukipata ukiwa bado ni michoro au umejengwa sehemu tu. Vyote viwili ni halali na cha mpango kina kazi yake, kinamsaidia mwekezaji kwenda benki na kumbana mjenzi asiteleze. Ila anayeonyeshwa nembo kwenye karatasi ya matangazo aulize ni kipi. Na aulize pia kama nembo ni ya mtaa au ya jengo. EDGE, kwa mfano, ya shirika la fedha la Benki ya Dunia, ni ya majengo: jengo lionyeshe kupunguza angalau asilimia 20 ya nishati, 20 ya maji, na 20 ya nishati, au kaboni, ya kutengenezea vifaa vya kujengea. Ni kipimo kizuri na programu yake ni ya bure mtandaoni. Sisi wenyewe tuliitumia kuamua juu ya madarasa mapya ya chuo, tukapaka bati rangi nyeupe na kugeuza madirisha yapokee kaskazi na kusi. Lakini jengo zuri la EDGE linaweza kusimama katikati ya kinamasi na kilomita tano kutoka kwenye duka la chumvi.

Nikirudi nyumbani siku ile nilipita Kikwajuni, nilikozaliwa. Nikawa natembea na karatasi kichwani. Duka, mita hamsini. Msikiti, mia. Skuli, hospitali ya Mnazi Mmoja, soko la Darajani, vyote kwa mguu. Baraza kila nyumba, na mzee kila baraza. Makutano ya vichochoro hata huyahesabu. Ng'ambo ile, upande wa pili wa Mji Mkongwe, imepangwa na kupanguliwa na wageni tangu Lanchester alipoandika mpango wake mwaka 1923. Wajerumani Mashariki wakaja na wao wa 1968, ambao ndio ulioleta majumba marefu ya Michenzani. Wachina wakaja na wao wa 1982. Na bado kilichoifanya iende kwa miguu ni watu wenyewe waliojenga kwa kukaribiana na kufungua duka chumba cha mbele. Mji Mkongwe ulipewa heshima yake na UNESCO mwaka 2000, kwa sababu nyengine. Ng'ambo haijapewa kitu. Sisemi ni pepo: bamvua likija bahari inapanda ndani ya mifereji mpaka kiwanja cha Mnazi Mmoja, kwa kuwa pale palikuwa pwani kabla ya kufukiwa. Maji hayo nayo yanafuata mkondo.

Kuna swali ambalo karatasi haikuuliza na sisi tuliliongeza kwa kalamu. Kwenye nishati vipimo vinataka jengo litumie kidogo. Sisi tulitaka kujua siku umeme usipokuwepo kabisa tunabaki na nini. Aliyekuwa Unguja mwaka 2008 anakumbuka mwezi mzima wa giza, na aliyekuwepo Desemba 2009 anakumbuka miezi mitatu, mpaka Machi 2010, waya wa baharini kutoka bara ulipoharibika. Giza lilizoeleka. Kilichotutesa ni maji, maana pampu za visima ni za umeme. Tulichota kwa kamba, wenye bahati ya kuwa na kisima kisichofukiwa. Waya mkubwa zaidi wa mwaka 2013 umepunguza hofu hiyo, lakini mtu aliyebeba ndoo miezi mitatu haamini haraka. Kwa hiyo tukahesabu: nyumba ngapi zina mfereji wa bati unaokusanya mvua, ngapi zina tangi, kisima kipi kinaweza kuchotwa kwa mkono. Nyumba tano tu zilikuwa na mifereji ya bati. Mvua yote nyengine ilikuwa ikimwagwa njiani, kisha tukilalamikia mafuriko.

Kuhesabu visima ndiko kulikotupeleka kwenye karo, na hapo sipendi kukaa sana. Chini ya Unguja ni mawe ya chokaa yenye matundu. Kinachozama juu hakichelewi kufika chini. Kipindupindu cha 2015 na 2016 kilitufundisha hofu, lakini hofu haikutufundisha kipimo. Tulipochora visima na karo kwenye ramani moja tuliona kisima kilichokuwa kikipendwa kuliko vyote, chenye maji baridi na matamu, kiko hatua chache kutoka kwenye karo mbili ambazo chini hazijajengewa. Bibi afya wa shehia akaja, maji yakapimwa, kisima kikafungwa kwa kunywa. Sasa ni cha kufulia na kumwagilia. Nyumba mbili zikachanga karo moja yenye vyumba, iliyojengewa mpaka chini. Zile tatu zilizo kwenye mstari wa mawe bado zipo. Masika zinafurika, na kila mtu anajua, na kila mtu anasema mwezi ujao. Karatasi ina alama 2 za kusafisha maji machafu. Laiti ningekuwa na ruhusa ya kuzifanya ishirini.

Watu wameniuliza kwa nini hatukuomba cheti. Ada yake ni maelfu ya dola, na kabla ya ada unatakiwa uwe na mtu anayemiliki au kuongoza mradi mzima, na angalau jengo moja lenye cheti chake cha kijani. Sisi ni wamiliki 34 na hatujawahi kukubaliana hata rangi ya geti la msikiti. Vipimo hivi vimekatwa kwa kipimo cha mjenzi mmoja mwenye ardhi moja. Baadaye wametoa na vya miji na jumuiya zilizokwisha kuwepo, lakini hivyo navyo vinamtazama aliye na ofisi, takwimu na mhasibu. Mimi sioni haya kwa kutokuwa na cheti. Ninachoona ni kwamba yale maswali yametupa lugha ya kuzungumza na wakubwa. Zamani tulipokwenda ofisini tulisema “tunateseka na maji”, tukaambiwa tusubiri. Mara ya mwisho tulikwenda na ramani ya mawe, mita za njia, idadi ya nyumba kwa eka, na visima. Afisa mmoja aliinuka akatufungia mlango tusisumbuliwe, akatoa kalamu. Kalvati la barabara kuu, ambalo lilikuwa dogo kuliko mkondo unaoliingia, sasa limeandikwa kwenye kazi za mwaka. Kuandikwa si kujengwa, nayajua hayo. Lakini hapo nyuma halikuwa limeandikwa.

Februari, kaskazi ikielekea kuisha, tunasafisha mtaro wa mstari wa mawe. Kila nyumba inatoa mtu mmoja au fedha ya kibarua, na anayekosa vyote viwili anapika uji. Mtu wa bati jekundu, yule aliyejenga kwenye mpunga wa Bi Mkubwa, ameinua kizingiti chake matofali mawili na amekuwa mkali wa mtaro kuliko mwenyekiti.

Sasa shughuli yetu ni kile kiwanja mwisho wa mkondo. Ndicho pekee ambacho hakijajengwa, na ndipo maji yote ya eka tatu yanapotaka kwenda kupumzika. Kikijengwa, maji yatarudi kwetu nyuma. Tunataka tukinunue kwa pamoja, tukichimbe bwawa lisilo na kina, la kuzamisha maji ya mvua, na kiangazi kiwe pa kuchezea watoto. Mtoto wa kaka yangu anasema hiyo ni alama 4 za maji ya mvua, na moja pengine ya chakula tukipanda mchicha kandoni. Kuna mtu wa mjini amekwisha kutoa bei, na bei yake ni nzuri kuliko yetu. Binamu wa Uingereza ametuchangia, nikamtania kuwa ananunua geti jingine. Fungu letu bado halijafika. Warithi ni watatu: mmoja yupo hapa hapa, mmoja Pemba, mmoja Dar es Salaam. Wa hapa na wa Pemba wametukubalia kwa bei yetu. Wa Dar es Salaam ameomba apelekewe ile ramani ya mawe ya chokaa kwanza, aone kiwanja chake kilivyokaa, na amesema atatujibu baada ya Ramadhani.